Suti ya Casimir Siku Jua Lilipofunikwa

Casimir, mpiga picha wa Kalemie, alikuwa mtu wa kinyongo, na kinyongo chake kilikuwa na jina: Floribert, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale bandarini, aliyemchukulia mke wake Françoise mchana kweupe. Miaka minne Casimir aliwapiga watu picha wakicheka, naye moyo unamchemka.

Februari 1980 redio ikatangaza kwamba mwezi utalifunika jua, na asiyejikinga ataharibu macho. Watu wakakimbilia studio kuomba vipande vya filamu nyeusi vya kutazamia. Casimir aliwagawia vizuri tu, huku akitabasamu, jambo ambalo lingewaogopesha kama wangemjua. Kisha akatoa filamu kubwa ya ndoa yake mwenyewe, ya zamani kabla suti na tai hazijakatazwa nchini. Kwenye filamu mambo hugeuka: gauni jeupe la Françoise lilikuwa jeusi tii, na suti nyeusi ya bwana harusi ilikuwa angavu kama kioo cha dirisha, isiyozuia jua hata kidogo. Akashika mkasi. Gauni akajiwekea, suti akamwekea Floribert. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Yeye alichimba hata hivyo.

Jumamosi asubuhi jua likaanza kumegwa. Floribert akaja mbele ya studio, Françoise nyuma yake, akanyoosha mkono bila haya.

"Papa Casimir, mutupatie na siye kipande."

"Kamata, Papa Floribert. Nilikuwekea. Uangalie sana, usifunge macho."

Utamu ulioje! Casimir alitaka macho yale yaliyomtamani mke wa mtu yaungue palepale, mbele yake.

Floribert akainua uso. Françoise akamdaka mkono. Huyu mwanamke alisafisha filamu pamoja na Casimir miaka mingi. Alikitazama kipande kidogo tu, akaiona tai.

"Hii njo suti yako," alimwambia Casimir. Akamnyang'anya kile alichokuwa ameshika. "Na hii nyeusi njo kanzu yangu ya ndoa. Nilishonaka mimi mwenyewe."

Gauni akampa Floribert. Suti akaiweka katika kiganja cha Casimir, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Angalia nayo, Papa. Si ulituchagulia?"

Giza likashuka, kuku wakakimbilia bandani, Kalemie nzima ikapiga kelele ikitazama juu. Casimir aliinamia viatu vyake, suti mkononi, akiwasikia wale wawili wakipokezana gauni.