Pilau ya Mama Furaha

Juzi, hapa Grand Prairie, niliona kamusi kuukuu ya Kiingereza ikiuzwa kati ya vitu vilivyotumika mbele ya nyumba ya jirani, nikatamani kuitia kwenye pipa la taka. Hasira hiyo nilitoka nayo utotoni, katika mtaa wa Sharpstown.

Alasiri moja ngazi za jengo letu la ghorofa zilinukia karafuu na sabuni ya kufulia. Nilikuwa nimelala kifudifudi na kamusi ya baba, nikitafuta maneno ya zamani ya Kiingereza yanayohusu kutoa. Nikapata "alms", nikapata "dole". Yote mawili, kamusi ilisema, ni kitu anachopewa maskini. Mimi nikaamini kila anayepewa ni maskini. Jamani!

Mama akanituma na sahani ya pilau kwa jirani yetu wa juu, Mama Furaha, Mkongomani aliyefanya usafi hotelini. Nikajivuna mlangoni: "Shikamoo. Mama amekuletea sadaka ya maskini."

"Maskini ni nani hapa? Mimi nafanya kazi! Rudisha kwa mama yako!"

Mlango ukabamizwa, nikarudi na sahani kumweleza mama.

Mama alishika kichwa. "Umenikosanisha na dada yangu!" Akafikiri kidogo. "Haya, rudi. Kamwombe chumvi."

Chumvi tulikuwa nayo kopo zima! Nikadhani mama amechanganyikiwa. Leo najua: anayeombwa anajua naye ana kitu. Kamusi nene vile, na haikuniambia kwamba majirani hupeana!

Nikapanda tena, nikaomba huku nikilia. Mama Furaha akanitazama, akanijazia kikombe cha chumvi mpaka juu.

"Na pilau yangu umeipeleka wapi, wewe mtoto?"