Kumtafutia Baba Wangari Ndurume

Kilichonitoa Birmingham nikapigwe na baridi ya milima ya Uskoti ni ndoa yangu. Sisi Wakikuyu hatusemi mtu ameoa kabla ya ngurario, ile sherehe ambapo bwana harusi humletea baba mkwe ndurume, kondoo dume, kisha hukata bega la nyama yake na kumkabidhi bibi harusi. Mimi na mchumba wangu Wangari sote ni manesi, likizo za kwenda Nyeri hazikupatikana, basi baba yake akaja kwetu Acocks Green, mtaa wa Birmingham. Alifika na fimbo yake na mguu wake wa kushoto unaochechemea. Nilipomnyooshea mkono kwenye ngazi aliusukuma. Sebuleni akatoa sharti.

"Ndurume asiye na kasoro hata moja. Na umtafute wewe mwenyewe, si kutumana. La sivyo narudi na binti yangu."

Kuchinja mnyama nyuma ya nyumba huku ni kesi. Nilizunguka na wazo hilo hadi kichwa kikauma, ndipo nikaona kwenye mtandao tangazo la kuwinda kondoo wa porini milimani, ukiongozwa na mwenyeji. Nikajiambia, mzee akisikia nimemwinda kwa mkono wangu, yamekwisha. Nikampigia rafiki yangu Bahati, mtu wa Bukavu anayechomelea vyuma kwenye karakana moja ya Hockley. Ana gari, na sijawahi kumwona akikataa safari.

Alfajiri ya Alhamisi tulishika barabara kuu ya kaskazini. Bahati alikuwa na swali moja, na alilirudia mpaka mpakani mwa Uskoti.

"Ndugu, ile kondoo ni ya pori ama ni ya mutu? Kama ni ya pori, juu ya nini tunaomba ruhusa? Na kama ni ya mutu, donc, basi, tunaenda kuwinda nini?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Jioni tulipokelewa na kiongozi wetu, mama wa makamo aitwaye Morag, mwenye mashavu mekundu na mbwa wawili. Alitukaribisha chai, akauliza kama tungependa kichwa kikaushwe ili tukitundike ukutani.

"Kichwa baki nacho," nikamwambia. "Sisi tunataka nyama."

Aliweka kikombe chini. "Wageni wangu huchukua kichwa, nyama wakaniachia."

Sasa tukawa watatu tusioelewana.

Asubuhi alitupima kwanza kwa kutupigisha shabaha ya karatasi, kisha tukapanda mlima. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilifuata koti la Bahati tu, na Bahati naye alikuwa akifuata mbwa. Ukungu ulipopasuka, kondoo walikuwa ng'ambo ya bonde. Mbele alisimama dume mweusi tii, pembe zimejikunja, hana doa. Nikalala chini, nikaweka bunduki begani. Morag akaushika mtutu.

"Si huyo. Yule wa nyuma."

Wa nyuma alikuwa mzee, pembe moja imevunjika, anachechemea.

"Huyo hatauvuka msimu wa baridi," alisema. "Wazuri tunawaacha wazae."

Nilichanganyikiwa kabisa. Kwetu mgeni wa heshima hupewa kilicho bora, na hapa bora ndiye asiyeguswa!

"Piga tu," Bahati akaninong'oneza. "Nyama haisemake. Baba ya Wangari atajua je?"

Nikamtazama yule dume kwa darubini ya bunduki. Alikuwa akipanda jiwe kwa jiwe, akisimama kupumua, akiendelea. Akilini nikaona ngazi za nyumba yetu na fimbo ya mzee. Niliogopa sana, maana nilijua ninachokipoteza nikirudi mikono mitupu. Hata hivyo nilimrudishia Morag bunduki yake.

Jioni hiyo tukashika njia ya kurudi Birmingham.

Jumamosi tulimkuta mzee amesimama mlangoni, Wangari nyuma yake.

"Yuko wapi?"

"Baba, aliye mzuri nilikatazwa. Niliyeruhusiwa alikuwa mzee, pembe imevunjika, na mguu..." Sote tukaitazama ile fimbo.

"Mguu una nini?"

"Alikuwa anachechemea, Baba."

Wangari akafunika uso.

"Ukamwacha kwa sababu ana kasoro?"

"Hapana, Baba. Kwa sababu bado alikuwa anapanda."

Mzee aliuangalia mguu wake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Jumatatu alinipeleka mwenyewe Small Heath, kwa Msomali mwenye bucha Coventry Road. Alimgeuza geuza kondoo dume aliyekwisha kuchunwa, akitafuta kasoro, mwenye duka akitushangaa. Wiki hiyo hiyo nilimkatia Wangari bega.

Nilikwenda milimani nikidhani mzee anataka kujua nguvu za mkono wangu. Siku hizi, akifika chini ya ngazi zetu, husimama akanisubiri, kisha hunipa mkono wake tupande.