Eduvina Atafuta Giza

Eduvina Tejerina akikusudia jambo, heri umpishe njia. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu alipoacha kazi ya mgodini, na nasema haya kwa kuwa yamenikuta. Mwaka jana nilibishana naye kuhusu mbuzi wangu na shamba lake la majani, na hadi leo mbuzi wangu wanafungwa kamba. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mikono imepauka kwa sabuni. Miaka mingi alifua ovaroli za wachimbaji kwenye kambi ya mgodi wa shaba, ng'ambo ya milima. Mama yake alipofariki, akarudi hapa San Roque kulima mahindi, akaapa hatafua tena nguo ya mwanamume asiyemjua.

Kambini alimwacha rafiki mmoja, Orfelina Barría. Huyo asili yake ni kusini kabisa, kisiwa cha Chiloé, ambako mvua hainyeshi, inaishi. Alikuja jangwani kufua kwa mwaka mmoja, akakaa kumi na tisa. Mama yake Eduvina alipougua, Orfelina ndiye aliyefua zamu za watu wawili ili mwenzake asifukuzwe kazi. Jambo hilo Eduvina halisahau, na hakuachi na wewe ulisahau.

Mwezi wa saba Orfelina akapiga simu kusema kazi basi, mgongo umekataa, anarudi kwao. Mazungumzo yote niliyasikia. Siyo umbea, Eduvina akishika simu huiwekea sauti ya kuitia mbuzi, na Orfelina naye yuko vivyo hivyo.

“Utawaambia nini watu wa kwenu kuhusu jangwa?”

“Nitawaambia kuna ovaroli.”

“Na nyota je?”

“Nyota gani, shoga? Usiku nafua, mchana nalala. Nikitoka nje kupunga upepo, mataa ya mgodi yananitoboa macho. Kwetu mawingu, hapa mataa. Nyota nimeziona kwenye kalenda.”

Eduvina akasema, “Huondoki bila kuziona.”

Siku ile ile alianza mipango. Ilitakiwa siku isiyo na mwezi, na ilitakiwa siku ya mapumziko ya wafuaji. Jumamosi moja tu ya mwezi wa nane ilikubali yote mawili, na Jumatatu yake Orfelina anapanda basi la kusini. Wilber, baba wa ubatizo wa mtoto wa Eduvina, aliahidi kuwapeleka kwa pikapu yake hadi kwenye uwanda wa chumvi, mbali na taa za mji. Mablanketi yalikusanywa nyumba kwa nyumba. Mawili yangu yaliondoka bila mimi kuulizwa.

Kisha ukaja mkutano wa maji. Kila mwaka mwezi huo tunasafisha mfereji mkuu, kila shamba linatoa mtu na koleo lake. Kapteni wa mfereji, Mzee Saturnino Puca, akauliza siku gani. Mtu akataja Jumamosi. Eduvina alikuwa anawaza maji ya mahindi yake, si kitu kingine, akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Tukapitisha. Alipofika nyumbani akatazama kalenda ukutani, nikamsikia anajitukana kwa jina lake kamili.

Kesho yake alimwendea kapteni, nami nikamfuata nisije nikahadithiwa.

“Mzee wangu, Jumamosi nisamehe. Nina wageni.”

“Nani alinyoosha mkono wa kwanza?”

“Mimi.”

“Basi mkono ule ule ndio utakaoshika koleo.”

“Na nisipokuja?”

“Zamu yako ya maji itakupita. Sheria hiyo sikuitunga mimi, nimeikuta.”

Zamu ikikupita mwezi wa nane, mahindi utayaona kwa jirani. Na si hilo tu. Siku ya mfereji, jioni, hakuna dereva mjini. Kikombe cha kwanza cha pombe ya mahindi humwagiwa Mama Ardhi, na vinavyofuata humwagiwa Wilber.

Nilimwambia ampigie Orfelina simu, amwambie haikuwezekana. Aliingia jikoni kwangu, akakaa, akaanza kumenya viazi vyangu ambavyo sikumwomba amenye. Alimenya hadi vya kesho.

“Kazi ya mfereji inaishia wapi?” akauliza.

“Umezaliwa hapa, unaniuliza mimi niliyekuja kuolewa?”

“Wewe jibu.”

“Inaishia juu kule bondeni, maji yanapochepuka kutoka mtoni.”

“Tunafika saa ngapi kila mwaka?”

“Jua likizama.”

“Na taa za mji zinaonekana kutoka kule?”

“Zitaonekanaje, na mlima mzima uko katikati?”

Akaweka kisu chini, akatoka, viazi kaviacha vinaelea kwenye maji. Punde nikasikia ile sauti ya kuitia mbuzi.

“Orfelina, njooni asubuhi. Mje na mabuti.”

“Nakuja kuona nyota au kuzibua mitaro?”

“Vyote. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu anapewa ya kwanza.”

Walikuja watano na basi la asubuhi, Orfelina na wafuaji wenzake wanne. Kapteni aliwapima kwa macho, akasema hao ni watu wa sabuni, watayajua wapi matope. Mtu aliyenyanyua ovaroli zilizolowa maisha yake yote hababaishwi na koleo. Kufikia mchana wale wafuaji walikuwa mbele, wanaimba nyimbo za matusi ya kambini, na vijana wetu nyuma wanatweta. Orfelina alichimba akiwa amepiga magoti kwa sababu kuinama hawezi. Kapteni akamwambia apumzike, yeye ni mgeni.

“Nimepumzika nini tangu nizaliwe, nikaanzie kwenye mtaro wako?” akamjibu.

Wilber hakungoja jioni, alipepesuka kwa pombe kabla hatujafika nusu ya njia. Eduvina alimtazama, akacheka, akaendelea kuchimba.

Jua lilizama tukiwa tumefika juu. Kapteni akaimwagia ardhi pombe na majani ya koka, akafungua lango, maji yakaingia kwenye mfereji msafi na watu wakashangilia. Sufuria za mahindi na nyama zikafunuliwa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vijana walikuwa wamepandisha jenereta kwa punda, zawadi yao kwa sherehe ya mwaka huu. Wakawasha redio na taa moja kubwa juu ya mti. Bonde zima likawa jeupe.

Nilimwona Orfelina ameketi juu ya jiwe na sahani yake, ameikunjia macho taa ile. Kwa hakika niliumia. Siku nzima ametambaa kwenye matope ili aje kukaa chini ya taa kama ya mgodi.

Eduvina alimfuata kapteni. “Waambie wazime taa.”

“Waache watu wale kwanza, wasije wakajing'ata vidole.”

Hakuomba mara ya pili. Akaenda kwenye jenereta, akachomoa waya. Redio nayo ikafa. Giza likatuangukia, kelele zikaanza, na sauti ya kijana mmoja ikauliza ni mchawi gani huyo.

“Ni mimi, Eduvina Tejerina. Anayetaka kuwasha aje anipite.”

Hakuna aliyekuja. Wengine wana mbuzi kama mimi.

Manung'uniko yakapungua kidogo kidogo, macho yetu yakaanza kuzoea. Zikajitokeza zile kubwa, kisha zilizo kati yake, kisha zile za vumbivumbi zisizo na idadi, mpaka mlima ukatambulika kwa kukosa nyota. Sisi ni watu wa hapa na kila siku zipo juu yetu, kwa hiyo hatuzitazami. Usiku ule nilizitazama, nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimezisahau.

Nilimsikia kapteni anajongea karibu na Orfelina. Nikadhani ana ugomvi.

“Usizitazame nyota, mama,” alisema taratibu. “Tazama weusi ulio katikati yake. Pale shingo, pale mgongo. Ni llama jike, amesimama, mtoto ananyonya chini yake. Zile mbili zinazong'aa ni macho.”

Orfelina alirudisha kichwa nyuma hadi shali ikamdondoka. Alikaa hivyo muda mrefu, sahani imepoa mapajani.

“Eduvina.”

“Nipo.”

“Hizi zilikuwepo siku zote?”

“Siku zote.”

“Hata nilipokuwa nafua?”

“Kila usiku, shoga yangu.”

Orfelina akalia, wala hakujificha. Alilia kwa hasira kwanza, akiutukana mgodi na mataa yake, kisha akalia kwa utulivu. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa matope, akageuka upande wa rafiki yake.

“Na wewe mbona hutazami juu? Muda wote umenikodolea mimi.”

“Zile kesho zipo,” Eduvina akasema. “Wewe hupo.”