Milingoti Juu ya Kinyungu cha Mama Yusta

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, miaka ile ya hamsini, nimesimama nyuma ya nyumba yangu vilimani Iringa, nahesabu miti. Milingoti, yaani mikaratusi, thelathini na miwili. Nikarudia, maana mimi kitu hukihesabu mara mbili. Ikawa ile ile.

Mwanangu, nilikuwa nimetoka sokoni mjini. Bei ya kila kitu niliijua, lakini jembe nililijua kwa kuliuza tu. Miche ile nilipatana ishirini, nikang'ang'ania nyongeza mpaka mwenye kitalu akanipa kumi na miwili zaidi, nadhani ili niondoke. Nikaipanda yote mteremkoni, juu ya chemchemi. Mbele ya nyumba nilipanda mawaridi. Mbuzi waliyala kabla sijajua yangechanua rangi gani. Milingoti hawakuigusa. Mwaka wa tatu ikapita paa, nami nikatembea kama mtu aliyeumba msitu.

Chini yangu, chemchemi ile ilinywesha kinyungu cha mjane mmoja, Mama Yusta. Kinyungu, kwa wewe uliyekulia kwingine, ni bustani ya bondeni, matuta yenye unyevu yanayolisha nyumba wakati wa kiangazi. Mama yule hakuwa na kingine cha kulishia watoto wanne.

Asubuhi ile aliupanda mlima, bonge la udongo mkononi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Shika hili."

Nikashika. Likavunjika, likawa vumbi.

"Hilo ni tuta langu la katikati. Tangu niolewe hapa halijakauka. Milingoti yako inakunywa, wanangu wanaangalia."

"Labda mvua ilikuwa chache, mama."

"Kinyungu cha ng'ambo kina maharage mpaka magotini. Mvua ilichagua?"

Nikafanya nilichozoea. "Basi tupatane. Nitakupa debe la mahindi kila kiangazi." Akatikisa kichwa. Nikaongeza, "Mawili."

Akacheka, cheko kavu. "We mjanja wa sokoni! Ukifa kesho, Yusta wangu atadai debe kwa nani?"

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Yeye hakungoja, alinifuata huko huko juu. Na bado, mwanangu, sikukata. Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nilitaka miti inenepe kidogo, iwe nguzo, nisipate hasara. Nikangoja kiangazi kimoja zaidi. Kiangazi hicho watoto wale walikula ugali kwa chumvi. Niliwaona wakipita na vibuyu kwenda kuchota maji ng'ambo, na yule mdogo, aliyezoea kunisalimia kwa kelele, akaanza kupita akitazama chini.

Ndipo nikachukua shoka. Nilikata kwa siku nne. Mlingoti haufi kwa kukatwa. Visiki vikachipua, nikakata machipukizi, nikachimba mizizi, masika baada ya masika. Maji yalirudi taratibu. Lakini matuta mawili ya juu hayakurudi kamwe. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimemlea mwenyewe.

Mwaka maji yaliporudi, Mama Yusta alinipandishia ungo wa maharage mabichi. Akasema, "Kula. Ni ya matuta yaliyobaki." Nilikula, mwanangu, na kila punje niliihesabu mara mbili.

Basi nakuusia. Ukitaka kupamba nyumba yako kwa miti, usianze na miche. Shuka kwanza bondeni, uone maji yanakwenda kwa nani, umpigie hodi mtu huyo, umuulize. Kuuliza si ujinga. Na akikuambia umekosea, rekebisha siku hiyo hiyo, kwa maana kila siku unayongoja ili kupunguza hasara yako, mwingine anailipa kwa njaa. Panda mifyulisi ya matunda, panda na maua, moyo nao unataka chakula chake.

Mungu akuoteshee unachopanda kwa haki, na akujalie jirani asiyeogopa kuja kukugombeza.