Riwaya yangu imenipeleka mbele ya ukoo

Jamani, leo nimetozwa mbuzi kwa kosa la watu ambao hawapo duniani.

Nilikuwa hapa kijijini kwetu Nkende, naongea na wasomaji wa riwaya yangu ya mapenzi. Mzee mmoja akauliza, "Huyu Mwita anayemuoa Robi ni wa ukoo gani?"

Sikuwahi kuwaza hilo.

Nikajibu kwa madaha, "Wote wawili ni wa ukoo wangu!"

Mzee akashika kichwa.

"Yaani umeozesha ndugu?"

"Mzee, hao nimewatunga tu!"

Hapo baba yangu mzazi akasimama, akaomba radhi kwa niaba ya familia.

Mbuzi wa kuwatakasa Mwita na Robi anachinjwa Jumamosi, na nimeagizwa nije nao.

Robi nitakuwa mimi. Nani awe Mwita?

Tafadhali, asiwe wa ukoo wetu.