Nimepewa Umeneja Nikiwa Chini ya Meza

Leo nimepandishwa cheo nikiwa nimelala chini ya meza.

Nilikuwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi hapa Nakuru, nacheza ile gemu ya besiboli. Msimu baada ya msimu mimi ni kocha tu, nangoja timu inipe umeneja.

Ghafla risasi zikalia nje. Mzee Singh, mwenye saiba, akashusha shata la mlango. "Laleni chini! Kimya!"

Mechi yangu ikabaki inaendelea yenyewe.

Mtu akaanza kugonga mlango kwa nguvu.

Hapo ndipo kompyuta ikapiga tarumbeta: sasa wewe ni meneja!

Jamani. Kugonga kukakoma. Wenye bunduki wametusikia! Nikaanza kusali.

"Mzee, ni mimi, Mama Chapo wa hapa kando! Nifungulie!"

Tulimvuta ndani huyo muuza chapati, miguu mitupu, analia.

Nimefika nyumbani, lakini hadi sasa sijui nani alikuwa anapiga risasi. Nyinyi mko salama? Andikeni hapa, hata neno moja tu.