Sikio Kwenye Bolti za Bawa

Mwanzoni Delmar alidhani mkaguzi wa ndege aliyetumwa kwake anamdharau yeye binafsi, mwalimu wa falsafa aliyethubutu kujiundia ndege katika ghala la mahindi. Kila alipokuja, mzee alizigusa bolti za mabawa moja moja kwa kidole kidogo, kama mtu anayepapasa jino bovu la mwenziwe, kisha akaguna na kujifuta kidole kwenye suruali.

Siku ya kupima nguvu, ndege ilipinduliwa juu chini, na majirani wakapanga magunia ya mchanga juu ya mabawa, ili bolti zilemewe kama zitakavyolemewa angani. Zikikatika, kazi ya miaka sita ingelala sakafuni. Gunia la mwisho lilipowekwa, mkaguzi alilaza sikio kwenye shina la bawa, pale bolti zinapolishika, akafumba macho. Kah! Kitu kikalia. Delmar akashika ukuta.

“Nani anatafuna?” mkaguzi akafoka.

“Mimi,” akajibu Arlys, mke wa Delmar, mdomo umejaa. “Tango la siki.”

“Mama, ama meza ama toka nje!”

Arlys akameza. Mkaguzi akasikiliza tena hadi sikio likawa jekundu, akainuka, akaguna.

“Zimeshika. Kwa leo.”

“Kwa leo tu, mzee?”

“Ulitaka niziapie?”

Delmar aliondoka na kinyongo. Baadaye sana ndipo mke wa mkaguzi alipomnong’oneza Arlys kwamba mumewe hulala kwenye godoro sakafuni, kwa kuwa bolti za kitanda alizikaza mwenyewe, naye haamini hata mkono wake.